Siku Mia na Nane Bila Kuambiwa

Tarehe 14 Novemba 2012 dada yangu Niwaeli alifariki katika hospitali moja mjini Birmingham, Uingereza. Mimi, mdogo wake wa pekee, niliambiwa tarehe 2 Machi 2013, sebuleni kwangu Scarborough, Toronto, nikiwa nimeshika birika la chai. Kati ya tarehe hizo mbili kuna siku mia na nane. Nimezihesabu mara nyingi.

Ninaandika haya kwa sababu nimepona, au ndivyo madaktari wanavyosema, na kwa sababu najua kuna mtu sasa hivi ana mgonjwa ndani ya nyumba na ana habari mbaya aliyoificha, anajiambia, "Nitamwambia akipata nguvu." Namwandikia huyo. Namwandikia na mgonjwa wake. Mimi nilisoma mpaka darasa la saba, sitaeleza ugonjwa kitaalamu. Nitasema yaliyonipata.

Uvimbe niliugusa mwezi wa sita 2012, nikioga kabla ya kwenda kazini. Nilikuwa napika katika nyumba ya wazee, mabasi mawili kutoka mtaani kwetu Malvern. Mwezi wa nane waliondoa titi la kulia. Mwezi wa tisa nikaanza kemo, ile dawa kali ya saratani, dripu sita, moja kila wiki tatu. Tangu hapo sikuhesabu tena kwa miezi. Nilisema, "Hiyo ilikuwa kabla ya dripu ya pili," na watu wa nyumbani walielewa.

Watu hukuambia habari za nywele za kichwani. Hakuna anayekuambia kwamba na za puani huanguka, na pua hutiririka kama bomba mchana kutwa, mpaka inakudondokea kwenye sahani ya mwenzako. Kucha zangu ziligeuka nyeusi. Chakula chote kilikuwa na ladha ya sarafu. Vidole vya mikono na miguu vilikufa ganzi, nikawa navaa kiatu na kutazama chini kuhakikisha mguu umeingia. Mkono wa kulia ulivimba, nikapewa soksi ndefu ya mkono, ya kubana, na amri ya kutoinua kitu kizito. Nawe ukikutwa na haya, usidhani umelogwa. Ni dawa.

Kila Jumatano Dada Niwa alinipigia simu. Alinizidi miaka sita. Mama yetu alipofariki kule Upareni mimi nilikuwa darasa la pili, yeye ndiye aliyenilea, na alinilea kwa matusi.

"Bibi kipara, umeamkaje?"

"Nimeamka."

"Nywele zimerudi?"

"Bado, dada."

"Basi usizisubiri. Mimi zangu zinaniwasha bure tu, nitakukatia nusu."

Alikuwa anafanya usafi katika maofisi, na njia yake ya kwenda kazini ilipita kando ya mfereji. Kule Uingereza wana mifereji iliyochimbwa zamani kwa ajili ya kusafirisha makaa ya mawe, na siku hizi watu hupita humo kwa starehe, kwa maboti marefu membamba yenye jiko na vitanda ndani. Miaka kumi na moja dada yangu aliyatazama yale maboti yakimpita na sufuria zao za maua juu ya paa. Nilipoanza kemo akakodi moja, wiki nzima, mwezi wa nne.

"Ukimaliza mionzi yako unakuja. Mimi na wewe tunakaa mbele tunakunywa chai. Shemeji yako ataendesha."

"Dada, wewe hata kuogelea hujui."

"Maji yenyewe yananifika kiunoni. Nikianguka nitasimama."

Baada ya dripu ya tatu nilipata homa, damu ikashuka, nikalazwa siku tano. Nilipotoka, Dada hakupiga Jumatano ile. Mume wangu, Elisante, akaniambia ameumwa koo, daktari amemkataza kuongea kwa muda mrefu, lakini ataniandikia. Na kweli, ujumbe ukaja kutoka simu yake: "Mdogo wangu mpendwa, pole. Umekula?"

Uliendelea kuja. Mara mbili, mara tatu kwa wiki. "Mungu akutie nguvu." "Usikate tamaa, nakuombea." Nilikuwa nausoma kwenye chumba cha kungojea, nikiwa na lile blanketi la moto wanalokupa, na barafu mdomoni, na niliporudishwa nyumbani niliusoma tena ndani ya gari. Kuna siku za dripu ya tano ambazo nilinyanyuka kitandani kwa sababu ya ujumbe ule, si kwa sababu nyingine. Nasema ukweli. Nilipaswa kujua. Dada yangu hakuwa na adabu namna ile.

Pale hospitalini nilipata rafiki, mama mzee wa Kiismailia, mzaliwa wa Tanga. Alinisikia nikiongea na mume wangu kwenye simu akageuka na mlingoti wake wa dripu.

"Wewe wa wapi, binti?"

"Upareni, mama. Usangi."

"Aa! Ninyi ndio mnauza ng'ombe ili mshinde kesi ya kuku!"

Nilicheka mpaka nesi akaja kuangalia. Tukawa tunakaa pamoja kila tulipokutana. Siku moja aliniambia kwamba mwanawe alikwenda kwa daktari kwa siri, akamwomba asimwambie mama yake ugonjwa umefika wapi. Daktari hakukubali.

"Nikamwita. Nikamwambia, we mtoto, mimi nilikuzaa au wewe ulinizaa? Ugonjwa ni wangu. Niletee."

"Akasema nini?"

"Akalia. Sasa mimi ndiye nambembeleza yeye. Lakini najua ninapokwenda, na nguo zangu nimezigawa mwenyewe."

Mwezi wa kwanza kiti chake kilikuwa na mtu mwingine. Sikuuliza.

Nyumbani kulikuwa kimya. Binti yangu Upendo, miaka kumi na sita, alijifungia chumbani. Alirudi kutoka shuleni akapita moja kwa moja, chakula alikula peke yake. Nikimwuliza kitu kwa Kiswahili alinijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, lakini hakunitazama. Niliamini ananionea kinyaa, kichwa na kifua. Nikaanza kuvaa kofia hata kitandani ili nisimtishe. Hilo nalo naliweka kwenye hesabu ya wale walionificha, kwa sababu mtoto wangu hakuwa na kinyaa. Alikuwa ameambiwa na baba yake asiseme, na alikuwa hawezi kunitazama bila kusema.

Mionzi ilikuwa wiki tano, kila siku ya kazi, theluji ikianguka. Ngozi ya kifua iliungua ikawa nyeusi kama ganda la ndizi iliyochomwa. Siku ya mwisho, Ijumaa, pale hospitalini kuna kengele ukutani, unaigonga kuonyesha umemaliza. Niliigonga. Mume wangu alilia mbele ya watu. Nilidhani ni furaha.

Kesho yake wakaja. Mchungaji, mkewe, na akina mama wanne wa ushirika wetu. Nilidhani wamekuja kunipongeza. Nilivaa wigi langu jipya, nikachemsha chai ya tangawizi, nikawapitishia maandazi kwa mkono wa kushoto huku nikiomba radhi kwamba ule mwingine ni mgonjwa. Wakapokea. Wakanywa. Nilipoona wamejifunga kanga viunoni, wote wanne, nikasimama na birika langu.

"Nani?" nikauliza.

Mchungaji akaanza kusoma Biblia.

"Baba mchungaji, nani?"

"Dada yetu Niwaeli ametutangulia."

"Lini?"

Mkewe akasema, taratibu, "Mwezi wa kumi na moja, mama. Ulikuwa hujiwezi. Na ndivyo marehemu alivyotaka mwenyewe, usishtuliwe."

"Na nani alikuwa ananiandikia?"

Elisante alitazama zulia. Ndipo nikaelewa kwamba ni shemeji Mbwambo, mume wa marehemu, aliyekaa na simu ya mkewe akaniuliza kama nimekula, na kwamba wawili hawa walikubaliana. Mwili ulikuwa umekwisha kusafirishwa, umezikwa nyumbani Usangi. Hapa Toronto walikaa msiba siku tatu, kwenye nyumba ya mwenzetu mmoja kule Mississauga, na wale wale akina mama walikuja kwangu wiki ile ile na supu ya kuku. Niliinywa. Niliwashukuru.

Watu wanaposimulia kuugua husema ugonjwa uliwafundisha upendo. Mimi ulinifundisha hasira, na sitaificha. Mimi si mtu wa kelele. Sikumtukana mume wangu. Niliacha tu kumjibu, nikahamia kulala chumba cha Upendo, na usiku wa kwanza mtoto alinikumbatia kwa nyuma mpaka asubuhi, akisema kwa Kiingereza kwamba anaomba msamaha, na mimi nikimwambia kwa Kiswahili kwamba yeye hana kosa.

Nataka mwelewe nililokuwa nalitaka. Kwetu mtu akija msibani hukaribishwa, huketi, halafu mmoja aliyekuwepo humweleza: alianza kuumwa siku fulani, akasema hivi, tukampeleka pale, akaomba maji, akakata roho saa fulani. Huelezwa kila anayeingia, hata kama ni mara ya hamsini siku hiyo. Jirani huelezwa. Muuza mkaa huelezwa. Mimi sikuelezwa. Nilipompigia shemeji alisema, "Tutaongea ukija." Nilipomwuliza mume wangu alisema, "Shemeji ndiye aliyekuwepo." Nikaona kuna kitu.

Ile boti ilikuwa bado imekodiwa. Shemeji hakuwa na moyo wa kuifuta. Nikasema nitakwenda. Elisante akasema mkono wangu hauwezi, na tena mwanamke na shemeji yake mjane wiki nzima ndani ya kitu chenye upana wa korido, watu watasemaje.

"Watu walikaa msiba wa dada yangu nikiwa hai, wakanificha," nikamwambia. Yalikuwa maneno yangu marefu zaidi kwake kwa wiki tatu. "Waseme."

Akakata tiketi akaja. Upendo alibaki kwa jirani, shule haikuwa imefungwa.

Masika ya kwao yalichelewa mwaka ule. Huku Scarborough theluji chafu ilikuwa bado imerundikana nyuma ya maegesho, na kule majani yalikuwa yanaanza tu kuchomoza, kondoo wadogo wanatetemeka, maua ya njano yameinama kwa baridi. Shemeji Mbwambo alitupokea amekonda. Alikuwa dereva wa basi, lakini boti ilimshinda. Usukani wake ni mti mrefu wa chuma upande wa nyuma, ukiusukuma kulia boti inaelekea kushoto. Siku ya kwanza aliigongesha ukingoni mara saba. Elisante naye, mtoto wa milimani, alishika paa kwa mikono miwili.

"Shemeji, breki iko wapi?"

"Haina breki."

"Sasa inasimamaje?"

"Unaomba."

Walicheka. Mimi nilikuwa mbele, kwenye kile kiti Dada alichosema tutakunywia chai, nikanywa chai peke yangu. Siku mbili walizungumza habari za bata, za baridi, za gesi ya jiko. Kila nilipotoka na kikombe changu kwenda nyuma walipo, mmoja aliona kamba inayohitaji kufungwa. Vyumba vya boti vimepangana kama mabehewa, ukimkimbia mtu lazima umpite. Tulipitana kwa kugeuza mabega.

Siku ya tatu tulifika penye lango. Mfereji ukifika kwenye mteremko, boti huingia kwenye kitu kama kisima kirefu cha mawe, kina lango la mbele na la nyuma. La nyuma hufungwa, maji yanatolewa kidogo kidogo kwa kuzungusha mpini wa chuma, na boti inashuka pamoja nayo mpaka iwe sawa na mfereji wa chini. Ndipo la mbele linafunguliwa utoke. Kazi ya mpini na kusukuma malango inataka nguvu, kwa hiyo wanaume walipanda juu ukingoni, na mimi nikabaki kwenye usukani. Niliushika kwa kushoto. Kwa ile ganzi nililazimika kuutazama mkono nijue kama umeshika.

Maji yakashuka. Kuta zikapanda, nyeusi, zinavuja, zina majani membamba kwenye nyufa. Nilipotazama juu niliona viatu vyao na nyuso zao, na mbingu. Wakafungua lango la mbele.

"Haya, toka!" Elisante akaita.

Nikazima injini.

"Imezimika?"

"Nimeizima mimi. Shemeji, niambie dada yangu alikufaje."

"Mama Upendo, hapa si mahali pake..."

"Mahali pake palikuwa msibani. Niambie. Sitoki humu."

"Kuna watu wanangoja nyuma," mume wangu akasema.

"Wangoje. Mimi nimengoja siku mia na nane."

Kweli, mzungu mmoja mzee, mwenye boti ya kijani, alikuja na mbwa wake akachungulia, akauliza kama tuna tatizo. Elisante akamwambia ni mambo ya kifamilia. Mzee akanitazama kule chini, mwanamke mweusi mwenye kichwa cha nywele za kitoto, akasema basi atakwenda kuchemsha chai. Akaondoka.

"Mchungaji alisema ndivyo alivyotaka," nikasema. "Alitaka nisiambiwe. Shemeji, aliyasema hayo maneno?"

Shemeji Mbwambo alichuchumaa ukingoni, na ule mpini mkononi.

"Hapana," akasema. "Hakuyasema."

"Alisema nini?"

"Alianguka kazini Jumatatu. Kichwa. Jumanne aliamka vizuri kabisa, akakaa kitandani. Akasema, 'Nipe simu, nimwambie yule bibi kipara kwamba leo tumelazwa wote.'"

Hiyo ilikuwa sauti yake hasa. Nilishika ukuta, ukanilowesha.

"Ukampa?"

"Nilipiga, shemeji. Nilipiga."

Hakuniangalia mimi. Alimwangalia mume wangu. Nami nikamwangalia mume wangu, aliyesimama mgongo ameegemeza kwenye lango, mikono yote miwili juu ya boriti ya kulisukumia.

"Ulikuwa na homa," Elisante akasema. "Walikuwa wamesema damu haina kinga hata kidogo. Ulikuwa unaweweseka."

"Ukasema nini?"

"Nikasema kesho."

Jumatano ndiyo kesho ile. Ndiyo tarehe 14.

Mpaka leo sijapata la kumwambia kwa hilo. Najua nilikuwa na homa. Najua hakukusudia. Najua pia kwamba baada ya hapo hakuwa ananificha mimi msiba, alikuwa anajificha yeye, siku mia na nane, nyuma ya ugonjwa wangu. Wewe uliye na mgonjwa, jiulize hapo: unamkinga nani? Na kama simu inalia na anayepiga anamtaka mgonjwa, mpe simu. Awe anaweweseka, mpe. Watasikilizana wenyewe.

Nikawasha injini, nikatoka. Niliwapita wote wawili wakiwa juu ya lango. Sikusimama kuwachukua.

Boti zile haziendi mbio kuliko mtu anayetembea. Kando ya mfereji kuna njia, zamani farasi walipita humo wakivuta mizigo. Baada ya kufunga lango wakanifuata kwa njia ile, shemeji mbele, mume wangu nyuma yake, na mpini wameubeba. Wakanifikia. Nikapunguza mwendo.

"Endelea," nikamwambia shemeji. "Jumanne. Anza tena Jumanne."

Akaanza, akitembea sambamba nami. Akaniambia alikula uji nusu bakuli na akausema vibaya. Aliwafahamu manesi wawili, aliwahi kufagia ofisi yao. Aliuliza ile boti kama imelipiwa mpaka mwisho. Jioni kichwa kikarudi. Jumatano asubuhi Dada alimshika mkono lakini hakuongea, upande mmoja wa mdomo ulikuwa umelala. Akaacha kueleza, akapangusa uso kwa kofia yake, nami nikamngoja, boti ikisukwasukwa na upepo, kisha akaendelea. Saa sita walimfunga mashine. Saa tisa kasorobo mchana daktari akamwita nje.

"Na saa tisa?"

"Saa tisa akaenda."

Nikazima injini. Boti ikaenda yenyewe kidogo, ikagusa matope ya ukingo, ikasimama. Mume wangu akaidaka kamba ya mbele.

"Mlimvika nini?"

"Lile gauni la kahawia la kitenge. Na ile kofia uliyomfumia."

Nikakaa chini pale pale nyuma, kwenye mbao, nikalia. Nililia kama wanawake wa kwetu wanavyolia, kwa sauti yote, nikimwita kwa jina na kwa majina aliyoniita mimi. Kovu lilivutika. Bata wakaruka.

Elisante akasogea, akanyoosha mkono juu ya ukingo wa boti.

"Basi, Mama Upendo. Basi."

"Bado," nikamwambia.

Akauvuta mkono. Akaketi kwenye nyasi zilizolowa, na shemeji akaketi, wakangoja mpaka nilipomaliza.